Mizabibu ya Baba Mumbua

Kanini hakuwahi kuonja mvinyo mpaka alipofika miaka hamsini na sita, na siku hiyo alionja kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuonja. Mumewe, Kilonzo, alikuwa na siku tisa hospitalini. Stroki ilimwangusha katikati ya mavuno, asubuhi moja ya Februari, akiwa na karai la zabibu kichwani, na upande wake wote wa kulia ukalala. Nyuma ya nyumba yao, kilomita chache kutoka Tawa, ndani ya kibanda cha matofali alichokijenga kwa mikono yake, madramu manne ya juisi ya zabibu yaliendelea kuchacha bila kujali nani mgonjwa.

Mtu aliyefaa kuonja alikuwa Mwangangi, mdogo wake Kilonzo, ambaye boma lake limepakana na lao. Lakini Mwangangi alikuwa ameacha pombe miaka sita kabla ya hapo, baada ya pombe hiyo kumpokonya kazi ya udereva na nusura impokonye mke. Alipomwona Kanini amesimama mlangoni na kikombe mkononi, alirudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji, mimi hiyo siwezi. Nikiiweka kwa ulimi tu, nimerudi kule nilitoka."

"Sasa nani ataonja?"

Mwangangi aliangalia viatu vyake. Kanini akafumba macho, akavuta funda moja, akaenda kulitema nyuma ya jiko. Kisha akampigia simu binti yake, Mumbua, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa Nairobi na ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia baba yake na mambo ya vipimo.

"Inakaa aje, Mami?"

"Inakaa dawa ya kikohozi yenye mtu alisahau kwa jua."

"Inanuka siki?"

"Hapana."

"Basi haijaharibika. Funika vizuri, uonje tena kesho."

"Kesho tena?"

Alionja tena kesho yake, na kesho kutwa. Hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi ile. Hakuna siku aliyokaa chini akaamua.

Mwenye ndoto alikuwa Kilonzo. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika shamba la mizabibu huko Naivasha, kwanza akipalilia, mwishowe akiwa msimamizi wa wanaopogoa. Alipostaafu na kurudi nyumbani, watu walitarajia afuge kuku. Yeye akaanza kuzungukazunguka vilimani akitazama juu ya miti. Alikuwa amekumbuka kitu cha utotoni. Zamani kulikuwa na misheni ndogo upande wa Mbumbuni, na wazungu wake walipanda zabibu kwa ajili ya meza yao. Walipoondoka, waliokuwa wakiwafanyia kazi walibeba vijiti vya ile mizabibu wakaenda kuvichomeka majumbani, wengine wakapanda mbegu tu. Mingi ilikufa. Iliyobaki ilizoea udongo wa huku na kiangazi cha huku, mpaka ikawa si ya wazungu tena.

Kilonzo alikuta mzabibu mmoja umepanda juu ya mti wa mukau katika shamba lisilo na mwenyewe. Ulikuwa na zabibu nyeusi, ndogo, zenye ganda gumu. Alirudi nyumbani jioni hiyo akiwa na mikwaruzo mikononi na furaha ambayo Kanini hakuwa ameiona tangu Mumbua azaliwe.

"Mama Mumbua, ile ya Naivasha ilikuja na ndege, inapewa dawa kila wiki. Hii imekaa hapa miaka arobaini bila mtu kuimwagia hata kikombe cha maji. Unaona?"

Kanini aliona. Aliona pia kwamba mumewe hakuwa anazungumzia zabibu za kula.

Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani kwa miaka tisa. Kanisa lao halinywi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mara nyingi mbele ya wasichana akiwaeleza yale pombe imefanya katika boma za huku. Hakumzuia Kilonzo, kwa sababu haikuwa desturi ya nyumba yao mmoja kumzuia mwingine. Alimwachia matuta matatu ya juu kwa mizabibu, akabaki na mahindi na pojo zake chini. Leseni ya kutengeneza mvinyo ilipopatikana, baada ya miezi kumi na minne ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi, Mchungaji Nyamai alikuja nyumbani, akanywa chai, akaomba, kisha akasema.

"Mama Mumbua, hakuna mtu amekufukuza. Lakini kina mama wanauliza. Nikisema uendelee kuwaongoza, nitawajibu nini?"

"Usiwajibu kitu, Mchungaji. Nitakaa nyuma."

Tangu Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Hayo yote yalikuwa kabla ya stroki. Sasa Kilonzo alikuwa amerudi nyumbani na maneno machache tu yaliyokubali kutoka: maji, hapana, bado, na jina la Mumbua. Kanini aliamka saa kumi na moja kumgeuza, kumwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Kisha mizabibu. Kisha ng'ombe. Kisha kurudi kumgeuza tena. Mchana alimnyoosha ule mkono uliolala jinsi muuguzi alivyomfundisha, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Miguu yake mwenyewe ilianza kuvimba vifundoni. Watu walipomwuliza habari alisema nzuri, kwa kuwa jibu jingine lingechukua muda mrefu.

Ule mvinyo wa kwanza ulitoka mkali na mwepesi. Mwenye hoteli mmoja wa mjini Wote aliyeletewa chupa ya kujaribu alisema kwa adabu kwamba una njaa ndani yake. Kilonzo aliposomewa ujumbe huo na Mumbua, hakushangaa. Kwa mkono wa kushoto alionyesha droo, na ndani ya droo mlikuwa na daftari la shule lenye mwandiko wake wa zamani. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa wa jambo moja. Mzee Nthiwa wa Mbumbuni, aliyekuwa mpishi wa misheni, alimwambia kwamba zabibu zilikuwa aina mbili. Kulikuwa na nyeusi, na kulikuwa na nyeupe ambayo watu waliiita nzuki, yaani nyuki, kwa sababu ilipoiva nyuki waliifunika hata huwezi kuona tunda. Wazungu hawakuwahi kukamua nyeusi peke yake. Walichanganya na nzuki ili kuilainisha. Chini ya hapo Kilonzo alikuwa ameandika majina ya mahali alikosikia kuwa bado ipo. Mengi yalikuwa yamekatwa kwa mstari. Yalibaki mawili: Nunguni, kwa mjane wa fundi cherehani, na Kitui, kwa familia ya Waislamu waliokuwa na duka la ngozi zamani.

Kilonzo aliweka kidole juu ya majina hayo. Alikiweka tena kesho yake. Wiki nzima, kila Kanini alipomaliza kumlisha, kidole kilirudi pale pale.

"Unataka niende?" Kanini akauliza.

Macho ya Kilonzo yalijaa maji. Tangu arudi kutoka hospitalini, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa amekiomba ambacho hakikuwa maji wala kugeuzwa.

Nunguni alikwenda mwezi wa Agosti, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani. Mjane alimpokea vizuri, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha safu ya miparachichi michanga iliyotunzwa kwa mbolea.

"Ilikuwa hapo," akasema. "Ilikuwa imefunika choo chote. Tuliikata mwaka jana tukapanda avokado. Kama ungekuja mapema kidogo!"

Kanini alisema hakuna neno. Alipewa viazi vya kubeba. Njiani kurudi alijaribu kujisikitikia akakuta hana nguvu hata za hilo. Alilala mpaka kondakta alipomwamsha.

Kitui alikwenda Oktoba. Alibadilisha gari mara tatu na kuuliza mara nyingi zaidi, mpaka akaelekezwa mtaa wa nyuma ya msikiti, kwa Bi. Halima, mjane wa Jabiri na mama yake Farouk. Halima alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Baba mkwe wake alikuja kutoka pwani kununua ngozi, akazunguka masoko yote ya Ukambani, na kijiti cha mzabibu alikipata sokoni Tawa kutoka kwa mtu aliyeshindwa kumkamilishia mzigo. Sasa kijiti kile kilikuwa na shina nene kama paja la mtu. Kilifunika ua mzima, na chini yake kulikuwa na baridi kama ndani ya mtungi.

"Huu ni mzuri," Halima akasema, "ila ukiiva siwezi kuanika nguo. Nyuki! Wajukuu wanaumwa kila mwaka."

Kanini akajua ndiyo nzuki.

Halima alimletea maji, kisha chai, kisha akamwuliza alichokuja kufanya. "Vijiti wataka vya nini, mdogo wangu? Vya kivuli?"

Njia nzima Kanini alikuwa amejiandalia jibu hilo hilo: vya kivuli. Lilikuwa jepesi, na Halima mwenyewe alikuwa amemwekea mdomoni. Aliangalia kikombe.

"Vya kutengeneza mvinyo, Mama Farouk."

Halima alishusha kikombe chake taratibu. "Pombe."

"Ndiyo."

"Na umeniambia wewe ni mtu wa kanisa. Kwenu mwanywa?"

"Kwetu hatunywi. Niliachishwa uongozi kwa sababu ya hiyo."

"Sasa kitu kilichokatazwa kwako, na kwangu kimekatazwa, twakifanya sisi wawili kwa nini?"

"Mzee wangu ni mgonjwa. Hii ndiyo kitu pekee anaulizia."

"Mungu amponye." Halima aliangalia majani. "Lakini mti huu baba mkwe wangu alikuwa akitawadha chini yake kila siku ya maisha yake. Siwezi, dada. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia. Asante kwa kuniambia wazi."

"Nawe asante kwa kuniambia wazi. Wengine wangesema kivuli."

Hakumwacha aondoke bila kula. Alimpakulia wali na maharage ya nazi, akamsindikiza mpaka barabarani, wakaandikiana namba za simu jinsi watu wanavyofanya hata wakijua hawatapigiana.

Nyumbani Kanini alimwambia Kilonzo kwamba amekosa. Hakumwambia kwamba ameuona. Alificha hilo wiki nne, na likawa zito kuliko kazi zote za siku.

Katikati ya Novemba simu ililia akiwa anakamua ng'ombe.

"Ni Halima wa Kitui. Mwanangu Farouk anajenga. Mafundi waanza Jumatatu, na mti unakatwa. Nimemwomba wapishe ukuta pembeni, asema ramani haikubali."

"Pole sana, Mama Farouk."

"Nimekaa nikafikiri. Ukikatwa ukaishia kuni, nitakuwa nimeuua mimi. Aliyeuotesha ni Mungu, si mimi. Njoo uchukue. Ila uniahidi jambo moja. Usizikamue zote. Kila mwaka nyingine ziliwe tu, kama tunda."

"Nakuahidi."

Alikwenda na Mwangangi, wakiwa na msumeno na magunia yaliyoloweshwa maji. Halima alisimama kwenye kizingiti cha jiko siku nzima. Hakulia. Mara moja tu alisema, "Kateni chini kidogo, huko juu pamekauka." Waliondoka na vijiti sitini na viwili vimefungwa kama watoto wachanga.

Mtu angefikiri hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mvua ya Novemba ilinyesha siku kumi na moja ikaacha. Mwangangi alichimba kisima kwenye mchanga wa mto, na punda akapanda kilima na mitungi minne, asubuhi na jioni, hadi mvua ya Machi, ambayo nayo haikuja ilivyotakiwa. Kanini alimwagilia kila kijiti kikombe kimoja na nusu, bila kuzidisha. Kijiti kilichokufa aliking'oa akakitia jikoni. Kufikia Juni vilikuwa vimebaki kumi na kimoja. Mbuzi wa jirani aliingia siku moja ya maziko, watu wote wakiwa hawapo, vikabaki tisa.

"Mami, achana na hiyo kitu," Mumbua alimwambia kwa simu. "Daddy ataelewa. Hiyo kazi itakumaliza."

"Nikiacha sasa, nitakuwa nimechokea nini?"

Kanini mwenyewe alibaki akijiuliza kama hiyo ilikuwa sababu ya mtu kuendelea na jambo.

Ilichukua miaka mitatu. Kilonzo alijifunza kukaa kitini, kisha kusimama akishika mlango, na maneno mengine machache yakarudi. Alikaa kwenye baraza akitazama matuta, na Kanini alipopita chini na mtungi, aliinua mkono wa kushoto. Baadhi ya siku ishara hiyo ilimpa Kanini nguvu. Siku nyingine ilimkasirisha: mtu amekaa kivulini anapungia mkono.

Januari ya mwaka wa tatu, nzuki ikaiva. Yalikuwa makarai matatu, si zaidi, ya zabibu ndogo za rangi ya asali iliyochujwa, na nyuki walikuja kweli, wakamuuma Mwangangi shingoni mara nne. Karai moja Kanini alilibeba hadi Kitui mwenyewe. Halima alikuwa sasa anakaa ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mwanawe, kwenye chumba chenye marumaru na dirisha la kutazama ukuta. Alikula moja, akala ya pili, akafuta mikono yake kwa leso.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Halafu akaita wajukuu waje wale.

Mumbua alichukua likizo kuja kukamua na kuchanganya. Alipima, aliandika, alichanganya kidogo kidogo, na mwezi wa Julai akamimina kwenye glasi mvinyo wa rangi ya damu ya mzee. Kanini alionja. Wakati huo alikuwa ameshajua kuonja. Ile njaa iliyosemwa na mwenye hoteli haikuwepo tena. Kulikuwa na kitu cha mviringo, na mwishoni ladha kama ya nta. Alihisi kwamba ni kizuri, na akahisi pia kwamba hapendi kuwa anajua hivyo.

Walimpelekea Kilonzo barazani. Upande mmoja wa mdomo wake haukufunga sawasawa, kwa hiyo Kanini alimpa kwa kijiko. Aliuzungusha mdomoni muda mrefu, mwingine ukimtiririka kidevuni. Wote watatu walimtazama: mkewe, binti yake, na ndugu yake aliyesimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

"Bado," Kilonzo akasema.

Mumbua alicheka, akidhani baba yake anatania. Kanini aliweka kijiko juu ya meza, akaingia ndani, akakaa juu ya kitanda. Hakulia. Aliangalia viganja vyake. Mumbua alipomfuata alimwambia atoke. Baadaye, chai ilipokwisha na Mumbua alipokwenda kuosha madramu, Kanini alirudi barazani, akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe ili asiweze kutazama matuta.

"Baba Mumbua, nimechoka."

Kilonzo alimtazama.

"Si leo. Nimechoka tangu siku ile ulianguka. Sikuwahi kutaka hii kitu. Niliifanya kwa sababu ilikuwa yako na mkono wako ulikuwa umelala. Nimekaa nyuma kanisani. Nimeingia kwa nyumba za watu kuomba. Miguu yangu ni hii, iangalie. Halafu unaniambia bado."

Midomo ya Kilonzo ilihangaika. Kanini alimngoja. Hakumsaidia kulitafuta neno kama alivyozoea.

"Si... wewe," Kilonzo akasema. "Mvinyo. Mvinyo bado... mchanga." Akapumua. "Wewe... tosha. Acha."

"Niache?"

"Acha. Mwangangi. Mumbua." Mkono wa kushoto ulisogea ukashika goti lake. "Pole."

Katika miaka hiyo mitatu, neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka. Kanini hakujua kama ni ulimi uliolikataa au mwenyewe.

Mambo yakawa hivi. Mumbua aliomba kazi ya siku nne kwa wiki, Ijumaa anakuwa Tawa. Kuonja ni kwake. Waliajiri kina mama wawili wa kupogoa, na Mwangangi akawa msimamizi, akiwa amefunga kitambaa puani kila aingiapo kibandani. Chupa walizozihifadhi zilikomaa, na Kilonzo akazikubali mwaka uliofuata kwa kutikisa kichwa. Mwenye hoteli wa mjini Wote huchukua nusu, nusu nyingine huenda Nairobi. Si nyingi. Mizabibu ya nzuki sasa ni arobaini na miwili, na watu wa chuo fulani wamekuja kupima majani. Mchungaji Nyamai alimwomba Kanini arudi kuongoza kina mama, kwa kuwa sasa hayumo tena katika kazi ile. Alimshukuru, akamwambia benchi la nyuma lina upepo mzuri.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, Mwangangi alipokuja kuchukua ufunguo wa kibanda, alimkuta Kanini ameketi kwenye ngazi ya jiko, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu.

"Shemeji, tunaanza na tuta gani?"

"Sijui," Kanini akasema, akimpa ufunguo. "Muulize ndugu yako."

Juu kule kazi ilianza, sauti za kina mama zikasikika zikiulizana kitu, kisha zikamwita Kanini. Maji yalikuwa bado na joto. Hakuinuka.